Kufuli mlangoni, fedha simuni: Mfanyabiashara mdogo alinde malipo yake

NI saa 12 jioni katika mtaa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Mwenye duka la jumla anateremsha mlango wa chuma, anatia kufuli mbili juu na ya tatu chini karibu na kizingiti, kisha anamwachia mlinzi pesa ya chai. Ndani kuna marobota ya vitenge na mashuka. Lakini katika droo, ambamo zamani mauzo ya siku yalilala yakisubiri kupelekwa benki, hamna kitu cha maana. Mauzo ya leo, pamoja na fedha za kumlipa mwenye mzigo kesho asubuhi, yamo ndani ya simu. Namba ya siri ya simu hiyo inajulikana na vijana wawili wa dukani na fundi aliyebadilisha kioo mwezi uliopita.

Mfano huo si wa mtu fulani, ila wapo wengi watakaojiona ndani yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, fedha za biashara zimekuwa zikihama kutoka droo kwenda simu. Mwizi naye amehama nazo. Asiyehama ni mfanyabiashara, ambaye bado anatumia fedha nyingi kulinda mlango ambao fedha zake hazipiti tena.

Yapo maelezo mengi kuhusu uhalifu wa mtandao, na mengi yanaanza na kompyuta, virusi na mitambo ya gharama. Mwenye duka akiyasikia huona ni mambo ya mabenki. Ukweli ni kwamba kinga ya kwanza ya biashara ndogo haihitaji mtaalamu wala mtambo. Inahitaji utaratibu wa kulipa: nani anaruhusiwa kutoa fedha, kwa idhini ya nani, na baada ya kuhakikisha nini. Biashara isiyo na utaratibu huo itaibiwa hata ikiwa na simu ya bei kubwa kuliko zote sokoni.

HESABU YA HASARA

Kabla ya kueleza namna wizi unavyofanyika, ni vema hesabu ikafanywa, maana wengi wanaotapeliwa hujifariji kwamba ni hasara ndogo itakayofidiwa na mauzo ya wiki.

Tuchukue duka la jumla ambalo likishatoa pango, kodi, mishahara na usafiri, linabakiwa na faida halisi ya Sh. 5 katika kila Sh. 100 za mauzo. Mwenye duka akitapeliwa Sh. 4,000,000, fedha hizo hazirudishwi na mauzo ya Sh. 4,000,000. Ili faida ya asilimia 5 ifikie kiasi hicho, hana budi auze mzigo wa Sh. 80,000,000. Kama anauza Sh. 1,000,000 kwa siku, ni siku 80 za kazi. Kwa muda wa miezi mitatu atafungua duka asubuhi na kulifunga jioni kwa niaba ya mwizi.

Na hiyo ni hesabu ya faida tu. Fedha zilizoibiwa aghalabu ni za mtaji wa mzunguko, na pengine si zake kabisa, bali ni za mali kauli aliyopewa kwa kuaminiwa. Mwenye mzigo hatajali maelezo ya ujumbe wa simu. Atataka fedha zake, na asipozipata, mlango wa mali kauli utafungwa. Biashara ndogo inaweza kustahimili mwezi mbaya wa mauzo. Kupoteza mtaji na kuaminika kwa siku moja ni jambo jingine.

Bima nayo haisaidii sana hapa. Bima ya kawaida ya duka hukinga moto na wizi wa kuvunja. Fedha ambazo mwenyewe amezituma kwa mkono wake, akiwa amedanganywa, kwa kawaida hazimo.

MITEGO YENYEWE

Mtego unaojulikana kuliko yote nchini ni ule ujumbe mfupi usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Watu huucheka na kujiuliza ni nani bado anadanganyika. Wanaocheka hawajaufikiria vizuri. Tapeli haujui mpango wa mtu yeyote. Anautawanya ujumbe kwa maelfu ya namba, akijua kwamba kwa saa ile ile, miongoni mwa watu hao, yupo mmoja aliyeahidi kumtumia mtu fedha na ameshika simu mkononi. Mfanyabiashara ndiye mtu ambaye kila siku anadaiwa na mtu fulani: mwenye gari, mwenye pango, mwenye mzigo, kijana wa stoo. Kwake ujumbe ule hauji kama jambo la ajabu, unakuja kama ukumbusho.

Wa pili ni ujumbe wa malipo wa uongo. Mteja anachukua bidhaa, anabonyeza simu yake, na mara simu ya dukani inalia ikionyesha kwamba fedha zimeingia. Maneno yako sawa, namba ya muamala ipo, hata salio limeandikwa. Lakini ujumbe umetoka kwenye namba ya mtu binafsi na si kwenye kampuni ya simu. Ndugu wa mtego huo ni wa yule anayepiga akisema, "Samahani mama, nimekosea namba, naomba unirudishie," ilhali hakuna kilichoingia. Mwenye duka aliyebanwa na wateja anasoma ujumbe na kuacha kuangalia salio, naye anatoa mzigo au anarudisha fedha ambazo hakupewa.

Mawakala wa fedha wana wao. Anapiga mtu mwenye sauti ya upole, anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, anamtaja wakala kwa jina, kisha anamwelekeza abonyeze tarakimu moja baada ya nyingine "ili kuboresha laini". Tarakimu hizo ni muamala wa kutoa floti. Wakala akumbuke jambo moja: mtumishi wa kweli wa kampuni ya simu hana haja ya kumwuliza mtu namba yake ya siri.

Wa nne ni wa laini yenyewe. Mtandao unakatika ghafla kwenye simu ya biashara huku simu za jirani zikifanya kazi. Wakati mwenyewe anasubiri mtandao urudi, kuna mtu amekwisha kuhuisha laini ile kwenye kadi nyingine na anapokea namba zote za uthibitisho zinazotumwa na benki. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019 na kufuatiwa na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 20, 2020, umeibana njia hii. Haukuiziba. Bado kuna watu wanaosajiliwa laini za ziada kwa vitambulisho vyao bila kujua.

MZIGO WA GUANGZHOU

Mitego hiyo minne inachukua maelfu na malaki. Upo wa tano ambao unachukua mtaji wote kwa siku moja, nao unawahusu wale wanaoagiza bidhaa nje.

Mfanyabiashara anaagiza mzigo kutoka Guangzhou. Kama ilivyo desturi, analipa asilimia 30 mwanzoni, na asilimia 70 inasubiri mzigo uwe tayari au hati ya shehena itolewe. Mazungumzo yote yanafanyika kwa barua pepe na WhatsApp. Wasichojua wawili hao ni kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya sanduku la barua la mmoja wao, ambaye amepata neno la siri na amekuwa akisoma kimya kimya kwa wiki kadhaa. Haibi chochote. Anasubiri.

Siku ya kulipa baki inapofika, barua inakuja. Ina nembo ile ile, saini ile ile, namba ile ile ya profoma, hata mzaha ambao wawili hao wamezoea kuandikiana. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: akaunti ya zamani "inakaguliwa", hivyo fedha zipelekwe kwenye akaunti nyingine. Anwani ya barua inafanana na ya kweli isipokuwa kwa herufi moja, pengine "r" na "n" zilizobanana zikaonekana kama "m". Mfanyabiashara anajaza fomu ya TT, anaipeleka benki, anapiga picha risiti na kuituma. Baada ya siku kumi msambazaji wa kweli anauliza baki yake iko wapi.

Hesabu ya hapa ni ya kutisha. Mzigo wa Sh. 40,000,000 una baki ya Sh. 28,000,000. Kwa faida ya asilimia 8, fedha hizo zinarudi baada ya mauzo ya Sh. 350,000,000. Wengi hawatafika huko.

Asiwepo wa kudhani kwamba wanaonaswa hivi ni wale wasiosoma. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania alifungua huko Latvia kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer ya Taiwan, ambayo ilikuwa ikiziuzia vifaa Google na Facebook. Akazitumia kampuni hizo mbili ankara za uongo, nazo zikalipa zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Alihukumiwa Marekani mwezi Desemba 2019 kifungo cha miaka mitano. Kama wenye intaneti yenyewe walilipa kwa sababu ankara ilionekana sawa, mwenye kontena moja hana sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Takwimu za shirika la upelelezi la Marekani, FBI, zinaonyesha njia hii ilivyo na faida kwa wezi. Mwaka 2023 hasara iliyoripotiwa kutokana na ulaghai wa malipo kupitia barua pepe za biashara ilizidi dola bilioni 2.9. Ile ya virusi vinavyofunga kompyuta na kudai fidia, ambavyo ndivyo vinavyotajwa zaidi kwenye habari, iliripotiwa kuwa chini ya dola milioni 60. Hata tukikubali kwamba wengi waliofungiwa kompyuta hawaripoti, tofauti hiyo inasema mahali pa kuweka kufuli ya kwanza.

KOMPYUTA ISISAHAULIKE

Hata hivyo kompyuta nayo ina zamu yake, hasa kwa wale wanaoweka humo hesabu za stoo na orodha ya wadeni. Kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani Mei 12, 2017 kilizifunga kompyuta na kudai dola 300 kwa kila moja. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu mwezi Machi mwaka huo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuiweka, na katika maduka yetu kompyuta zenye programu za kunakili, zisizopokea dawa yoyote, bado ni nyingi.

Mwezi Juni mwaka huo huo kirusi kingine, NotPetya, kiliingia Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake yanajulikana vizuri bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Maersk ililazimika kusimika upya kompyuta 45,000 na mitambo mikuu 4,000, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kilichowaokoa kupata tena ramani ya mtandao wao ni nakala moja iliyosalia katika ofisi yao ya Ghana. Ilisalia kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko, mtambo ukawa nje ya mtandao wakati kirusi kikipita.

Kampuni kubwa namna ile iliokolewa na kukatika kwa umeme. Mwenye duka hana haja ya kungoja bahati hiyo. Anunue kifaa kidogo cha kuhifadhia, anakili hesabu zake kila Ijumaa, kisha akichomoe na kukiweka nyumbani. Nakala iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta itafungwa pamoja na kompyuta.

"MTEJA ATAONDOKA"

Hoja inayotolewa mara kwa mara na wenye maduka dhidi ya utaratibu ni kasi. Wanasema, na wana haki kusema, kwamba Kariakoo si benki. Mteja wa kutoka Mbeya au Lubumbashi ana basi la kuwahi, na akisubirishwa anavuka barabara kwenda duka la pili. Kijana wa dukani akizuiwa kulipa mpaka bosi apatikane, kazi inasimama.

Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kupokea fedha kunahitaji kasi, na kuhakikisha salio kunachukua nusu dakika. Kutoa fedha hakuhitaji kasi ya namna ile. Mwenye pango, mwenye gari na msambazaji wa Guangzhou wanaweza kusubiri robo saa bila kuhamia duka la pili. Anayelazimisha malipo yafanyike sasa hivi, bila kupigiwa simu, kwa kudai meli itaondoka au bei itapanda, ndiye wa kutiliwa shaka. Haraka ni bidhaa inayouzwa na tapeli, na mfanyabiashara huinunua kwa mtaji wake.

Wengine husema biashara yao ni ndogo mno kumvutia mwizi. Nayo haina nguvu. Mwaka 2013 wezi walichukua taarifa za kadi milioni 40 za wateja wa maduka ya Target nchini Marekani. Waliingilia kwa mkandarasi mdogo wa mitambo ya majokofu aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa Target. Udogo haufichi mtu. Unamfanya awe mlango usio na mlinzi.

UTARATIBU WENYEWE

Utaratibu unaofaa unaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa nyuma ya kaunta.

Kwanza, mabadiliko yoyote ya namba au akaunti ya kulipa yathibitishwe kwa sauti, kwa kupiga namba iliyokuwa ikitumika tangu zamani. Namba iliyoandikwa kwenye barua mpya haifai, maana atakayeipokea ni mwizi mwenyewe. Akaunti iliyo katika nchi tofauti na ya msambazaji isilipwe kabisa mpaka jambo hilo lieleweke.

Pili, malipo yanayozidi kiwango fulani, tuseme Sh. 500,000, yawe na watu wawili: anayeandaa na anayeidhinisha. Kwa duka la familia, mume na mke wanatosha. Kabla ya kuthibitisha muamala wa simu, jina linalojitokeza lisomwe kwa sauti. Jina likiwa geni, fedha zisitoke.

Tatu, laini ya kupokelea mauzo itenganishwe na laini ya mazungumzo na ya familia, na namba ya siri isiwe ya watu watatu. Vijana wa dukani wanaweza kupokea malipo kwa lipa namba bila kuwa na uwezo wa kutoa. Simu ikienda kwa fundi, laini itolewe kwanza, na ikirudi namba ya siri ibadilishwe. Sanduku la barua pepe na WhatsApp viwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ambao haulipiwi.

Nne, kila jioni salio la simu na orodha ya miamala vilinganishwe na daftari la mauzo. Na kila mwezi mwenye biashara apige *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Tano, wizi ukitokea, muda ndio mali. Fedha zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, kampuni ya simu au benki inaweza kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, au zikishahamishwa nchi ya tatu, matumaini ni madogo. Simu ipigwe ndani ya dakika, ujumbe na namba za miamala zihifadhiwe, namba ya tapeli itumwe 15040, na taarifa itolewe polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuona haya na kunyamaza ni kumpa mwizi nafasi ya kwenda duka la jirani na mtego ule ule.

MZIGO UGAWANYWE

Pamoja na hayo, si haki mzigo wote kumwachia mwenye duka. Kampuni za simu na mabenki hutoza ada katika miamala, ukiwemo ule wa mwizi. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, mabenki yanalazimika kumfidia mteja aliyedanganywa kulipa kwa uhamisho wa ndani, hadi pauni 85,000, na biashara ndogo kabisa zimo. Gharama hiyo inagawanywa kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Katika nchi zinazotumia sarafu ya euro, tangu Oktoba 2025 benki hazina budi kulinganisha jina na namba ya akaunti kabla ya malipo kwenda.

Hapa kwetu huenda ni mapema kudai fidia ya namna hiyo. Lakini si mapema kudai kwamba benki inayopokea fomu ya TT yenye akaunti mpya kwa msambazaji wa zamani imwulize mteja swali moja: "Umempigia simu?" Wala si mapema kwa jumuiya za wafanyabiashara kutangaza mtego mpya kwa wanachama siku ile ile unapogunduliwa, kama zinavyotangaza bei na kodi.

Mpaka hayo yatakapofanyika, mwenye duka yuko peke yake na simu yake. Jioni ya leo atafunga kufuli tatu kama kawaida. Kabla ya kumwachia mlinzi pesa ya chai, aibadilishe ile namba ya siri.